Bomu Nililolisogeza

Madaktari tunaopinga vita na silaha za nyuklia hapa Dodoma tuko saba, na mmoja wetu huwa haji. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi katika ukumbi wa nyuma wa mgahawa mmoja Nkuhungu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi wenye harusi watakapokuja kupamba. Nimewahi kusoma tamko zima la kuyataka mataifa makubwa yateketeze makombora yao huku dada mmoja amesimama juu ya kiti, ananitundikia maputo ya waridi juu ya kichwa. Sikukatiza. Mataifa makubwa hayakusikia, lakini yule dada alisikia yote, na alipomaliza kufunga maputo aliniuliza kama sisi ndio wale wa bima.

Mwenyekiti wetu ni daktari mstaafu wa magonjwa ya kifua, mzee mwenye adabu za kizamani na koti moja la suti. Alipostaafu, wafanyakazi wenzake walimpa saa ya ukutani. Sisi tulimpa muhuri wa chama, na ile saa hata sijui aliipeleka wapi. Ni muhuri wa mviringo, wino wa zambarau, anautembeza mfukoni ndani ya soksi ya mtoto. Karatasi isiyo na muhuri, kwa maoni yake, ni ya kufungia karanga. Anagonga kwenye mihtasari, kwenye barua, kwenye orodha ya waliohudhuria, na siku moja aligonga kwenye menyu ya mgahawa kabla hatujamzuia.

Mimi nilijiunga kwa hasira, si kwa imani. Mimi ni daktari wa upasuaji. Katika uwanda huu wetu wa kati, ugomvi wa malisho na mashamba haufiki magazetini mpaka umepita mezani kwangu: mshale uliokwama begani, sime iliyopita tumboni, kichwa kilichopasuliwa kwa rungu. Kuna wiki moja nilishona watu wa pande mbili za ugomvi mmoja, wamelala kwenye vitanda vinavyotazamana, wanatukanana huku dripu zinaning'inia. Niliona kazi yangu imekuwa ya fundi viatu, naziba wao wanarudi kuchana. Nikaambiwa kuna chama cha madaktari wanaotaka kuzuia vita kabla havijaanza. Nikaenda. Nikakuta wanajadili mabomu ya nyuklia.

"Nani ana bomu la nyuklia hapa?" niliuliza. "Mimi naletewa watu wa mishale."

"Ni ugonjwa uleule, daktari," mwenyekiti akasema. "Tofauti ni dozi."

Jibu lilinikera kwa sababu lilikuwa zuri. Nikabaki.

Tatizo la bomu la nyuklia, kama somo, ni kwamba halimgusi mtu. Wenzetu wa nje walitutumia picha za kufundishia: ramani ya mji wao wenye mto na madaraja, imechorwa maduara matatu. Ndani ya duara jekundu, kila kitu kimekwisha. Ndani ya lile la chungwa, majengo yameanguka na watu wameungua. Ndani ya la njano, madirisha yamevunjika, na hospitali kama ipo haina maji, haina umeme, wala haina daktari. Watu wa Dodoma wakiona mji wa wenyewe unateketea wanasikitika kistaarabu, kama kwenye msiba wa mtu wasiyemjua. Kwa hiyo nikachora maduara yaleyale juu ya ramani ya Dodoma, kitovu nikakiweka katikati ya mji.

Mara ya kwanza niliionyesha kwenye semina ya watumishi wa umma. Simu zikatoka mifukoni, watu wakapiga picha, nikafurahi kwamba ujumbe umefika. Kisha bwana mmoja wa safu ya mbele akanyoosha mkono.

"Daktari, samahani, naomba uikuze kidogo hapo upande wa magharibi. Kuna kiwanja nimechukua juzi juzi. Naona kama kimo kwenye njano?"

Nusu saa iliyobaki ikawa ya viwanja. Waliokuwa nje ya maduara walipongezwa. Mama mmoja alitaka kujua kama baada ya bomu hati zitaendelea kutambulika. Anayeishi Dodoma siku hizi hatashangaa, maana huu ni mji ambao watu wakikutana msibani wanaulizana upimaji umefika wapi. Ramani kwetu si picha. Ni habari ya nani atabaki na nani atahamishwa.

Kama ningelishika hilo siku ile, nisingekuwa na haya ya kuandika.

Baadaye chama kikaamua tutoke mjini. Mimi nikapangiwa kijiji kimoja cha wakulima wa zabibu, si mbali sana, lakini mbali vya kutosha lami kukata tamaa njiani. Nilipoangalia ramani yangu nikaona kijiji kiko nje ya maduara yote matatu. Nje kabisa. Nikajiuliza nitakwenda kuwaambia nini, kwamba mji ukiteketea wao watauona moshi? Wangepiga makofi. Basi nikafanya jambo ambalo sikumwambia mwenyekiti. Nilikaa kwenye kompyuta, nikakishika kitovu cha bomu, nikakiburuta polepole kutoka mjini mpaka duara jekundu likaingia kijijini. Nilikiburuta kwa kidole kimoja, mkono wa pili umeshika kikombe cha chai. Nikaacha ukingo wa duara upite juu ya mashamba, ili kila mtu aone kwamba bomu halijui mpaka. Nilijiona mwalimu hodari.

Bango lilichapishwa kwa fundi mmoja wa Chang'ombe, plastiki ndefu kuliko mlango. Juu kabisa kulikuwa na maandishi makubwa, MADHARA YA SILAHA ZA NYUKLIA, chini yake ramani, na chini ya ramani mwenyekiti akagonga muhuri wake. Aligonga mara mbili, kwa sababu ule wa kwanza haukushika vizuri kwenye plastiki.

Mtendaji wa kijiji alinipa dakika ishirini, kabla ya ajenda ya vyoo. Watu walikuja wengi kwa kuwa ilikuwa imevuma kwamba daktari wa mjini analeta vyandarua. Ilipodhihirika kwamba sina chandarua hata kimoja, wakabaki kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuwa wameegemea baiskeli, tayari kwa safari. Nikaeleza joto, upepo na mionzi. Nikaeleza kwamba hakuna hospitali duniani inayoweza kuwahudumia majeruhi wa bomu moja tu, na ndiyo maana sisi madaktari tunasema lisipigwe kabisa.

Bibi mmoja aliyekaa chini, miguu ameinyoosha mbele yake, akauliza, "Hilo bomu lina dawa?"

"Halina, bibi. Ndiyo maana tunataka lizuiwe."

"Kama hamna dawa," akasema bila chuki yoyote, "basi mmekuja kutembea tu."

Watu wakacheka, nami nikacheka, ajenda ya vyoo ikaanza.

Bango lilikuwa refu kuliko ukuta wa ofisi. Wakati wa kulipigilia, mtendaji alikuwa ameikunja sehemu ya juu, ile yenye maandishi, akaisukumia chini ya bati. Nilipotaka kulishusha aliniomba niliache kidogo, linamfichia ufa. Mimi nilikuwa na mgonjwa wa saa saba, nikasema nitalifuata wiki ijayo. Nimezaliwa karibu na Kolo, ambako watu wa kale walichora kwenye miamba wakaenda zao bila kumwambia mtu walimaanisha nini, na mpaka leo wasomi wanapanda mlima kwenda kubishana. Mimi nilifanya vivyo hivyo mchana kweupe. Niliacha kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji ramani yenye duara jekundu na mihuri miwili, nikapanda gari.

Sikurudi wiki iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Yaliyotokea nilikuja kuyajua baadaye, kwa vipande.

Wale kumi na mmoja walisema nyumbani kwamba ni habari za bomu. Wakaambiwa hawakuelewa, nani apoteze bomu lake kwa zabibu? Wengine wote waliona kwa macho yao: ofisi, ramani, mstari mwekundu, mihuri. Hakuna mtu mzima katika mkoa huu asiyejua maana yake. Serikali inachukua eneo, na aliyemo ndani ya mstari atapewa kiwanja kilichopimwa mahali pengine, kulingana na alichonacho juu ya ardhi yake. Mtendaji alipoulizwa hakutaka kuonekana hajui kilichotundikwa kwenye ofisi yake mwenyewe, akajibu kwamba mchakato unaendelea.

Basi watu wakaanza kuhamia ndani ya duara. Nilikuwa nimechora mahali ambapo hakuna kiumbe angebaki hai, na watu wakawa wanapagombania. Walipanda miche ya miembe katikati ya kiangazi, ikafa, wakapanda mingine. Walijenga vibanda vya udongo visivyo na mlango. Mzee mmoja, niliambiwa, alihamishia mizinga yake ya nyuki ndani ya mstari, na wale nyuki, ambao peke yao kijiji kizima walitumia akili, wakarudi walikotoka.

Na mstari ulikuwa umepita katikati ya shamba la zabibu la ndugu wawili.

Waliletwa hospitali asubuhi, saa nne, kwenye bodaboda mbili. Mdogo alikuwa amekaa katikati ya dereva na mama yake, mkono wa kulia umeviringishwa kanga iliyolowa damu, kanga nyingine imekazwa juu ya kiwiko. Kaka yake alikuja nyuma, macho yamevimba hayafunguki, machozi na kamasi vinamtiririka, anamuuliza dereva kama wamefika. Mama yao, Mgogo mrefu, mkavu, akateremka akanisalimu kama vile tumekutana sokoni.

"Mbukwa, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa mkono na wa macho wote ni wangu. Anza na wa mkono."

Sijawahi kuona mtu wa mapokezi akipanga wagonjwa vizuri kuliko yule mama.

Shamba lao liligawanywa na marehemu baba yao kwa ua wa minyaa, kama ilivyo kawaida huku. Duara liliweka upande wa kaka ndani na upande wa mdogo nje, ila kwa safu chache za mizabibu. Alfajiri ya siku ile mdogo alikuwa ameanza kuing'oa minyaa ili aipande upya ndani ya upande wa kaka yake, safu zaidi ziwe zake. Kaka akaja, panga mkononi. Wakavutana tawi. Tawi likakatika, utomvu mweupe ukamrukia kaka machoni, na utomvu wa mnyaa jichoni ni moto. Akarusha panga.

"Sikumwona," alirudia rudia, wauguzi wanammiminia maji ya chumvi machoni chupa baada ya chupa. "Nilikuwa narusha tu. Sikumwona."

Sikumuuliza kwa nini alikwenda na panga kwenye zabibu.

Panga lilikuwa limeingia kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole kidogo, limekata kano, mshipa mmoja wa damu na mshipa wa fahamu, likaishia kwenye mfupa. Mkono ulikuwa wa baridi na rangi ya majivu. Tulimpiga ganzi ya bega, na wakati nasafisha kidonda nikamuuliza swali la kawaida, kwa ajili ya fomu ya polisi. Mmegombania nini?

"Duara la serikali," akasema.

"Duara gani?"

"Lile jekundu la ofisini, daktari. Lenye mihuri miwili."

Nilisimama. Muuguzi wangu alidhani nimeona mshipa mwingine uliokatwa. Aibu ilinipanda kutoka miguuni mpaka masikioni, na nyuma yake ikaja hasira, na sikuwa na mtu wa kumwelekezea ile hasira ila aliyevaa glavu zangu. Nikashona kwa saa nne. Sijawahi kushona vizuri namna ile, na sitaki tena kuwa na sababu ya kushona namna ile. Kwenye fomu ya polisi kuna nafasi ya kuandika silaha iliyotumika. Niliandika panga. Askari alipokuja, mgonjwa alimwambia hataki kesi na ndugu yake, askari akafunga daftari akasema atarudi.

Walioitaka kesi, lakini si ya polisi, walikuja jioni saa ya kuona wagonjwa. Walikuwa watatu, kaka wa mke wa yule mdogo, mashati yamepigwa pasi. Mkubwa wao ndiye aliyezungumza.

"Shikamoo daktari. Tuna swali moja tu, hatutakuchelewesha. Mkono wa shemeji yetu utabaki kuwa mkono, au ni wa kutupa?"

"Bado sijui. Siku tano za kwanza zitaonyesha kama utaishi. Kama utafanya kazi, hilo tutalijua baada ya wiki sita."

"Tutasubiri hizo wiki sita. Ukibaki mkono, yamekwisha. Usipobaki, yule wa macho naye atatoa wa kwake. Tumeshakaa kikao."

Alilisema kama mtu anayetangaza tarehe ya harusi. Mimi nina hotuba nzuri kwa nyakati kama hizo. Ina aya nzima kuhusu mzunguko wa visasi, nimewahi kuitoa mbele ya wabunge, na mmoja alikuwa macho. Nilifungua mdomo niitoe, na nilichosikia kikitoka ni, "Ile ramani ni yangu."

Nikawaeleza yote, bomu, duara, hata kile kidole na kikombe cha chai. Niliwaambia kwamba mstari ulipita kwenye shamba la wale ndugu kwa sababu mimi niliupitisha pale, ili somo linoge. Walisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo serikali haichukui eneo?" akauliza mkubwa.

"Haichukui."

"Na bomu lenyewe haliji?"

"Namwomba Mungu lisije."

Akawaangalia wadogo zake, kisha akaniangalia mimi. "Basi mponye," akasema. "Sisi tuko palepale."

Kesho yake nilikwenda kijijini na mwenyekiti kulishusha bango, tukakuta lina walinzi. Wanaume wanne walikuwa wamekaa chini yake kwa zamu, maana ilikuwa imevuma kwamba wa mjini watakuja kusogeza mstari kwa faida ya jamaa zao. Watu wakajaa. Nilipanda juu ya benchi, nikaikunjua ile sehemu ya juu kutoka chini ya bati, nikawasomea maandishi kwa sauti. Nikawaambia duara ni la kifo. Sauti ikatoka nyuma kwamba nimetumwa kufuta majina ya watakaopewa viwanja. Nyingine ikasema wa mjini wameshagawana eneo wenyewe. Nilipandwa na hasira, nikawaita watu wazima wanaopigania nafasi ya kuungua, na hilo halikusaidia hata kidogo.

"Kama si ya serikali," mtu akauliza, "mbona ina muhuri?"

Watu wakaitikia kwa sauti moja. Hapo ndipo mwenyekiti wangu, na koti lake la suti kwenye jua lile, akaingiza mkono mfukoni akatoa soksi. Akautoa muhuri. Akaugonga kwenye kiganja chake mwenyewe, akakiinua watu wakione. Akaugonga kwenye mlango wa ofisi. Akaomba kibuyu cha mama mmoja akakigonga, akagonga tandiko la baiskeli, akagonga paji la uso la mtendaji, ambaye hakuwahi kukwepa.

"Haya," akasema, anahema. "Na mtendaji naye anahamishwa?"

Kicheko kilianza kwa wanawake kikaenea. Wengi waliamini pale pale, wengine waliondoka wamenuna, na vibanda vingine viko mpaka leo, kwa tahadhari. Mtendaji akafuta paji la uso akasema yeye tangu mwanzo alieleza kwamba mchakato bado. Muhuri ameendelea kuubeba, ila siku hizi ukimwomba agonge kitu, kwanza anakisoma.

Wodini, kila asubuhi kabla sijamsalimia mtu, nilikuwa naenda kushika vidole vya yule mgonjwa. Siku ya pili vilikuwa vya uvuguvugu. Siku ya nne rangi ikarudi. Macho ya kaka yalitulia ndani ya wiki, lakini alikataa kwenda nyumbani, akawa anakaa pembeni ya kitanda, na mdogo wake amegeukia ukutani. Mama yao aliwaletea ugali wa uwele na mlenda, katika bakuli moja, kwa makusudi kabisa. Mdogo mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta ngumu, na kwa malezi ya kwao mtu hali chakula kwa mkono wa kushoto mbele ya mama yake. Akaomba kijiko. Mama akasema kijiko amekisahau. Alikisahau siku tatu mfululizo. Mdogo alikula ndizi na biskuti za wagonjwa wenzake, na mlenda unanukia puani mwake, mpaka siku ya nne kaka alipokata tonge, akalichovya, akalisogeza mdomoni kwake, mdomo ukafunguka. Alitafuna huku anamwangalia kaka yake kwa chuki iliyo wazi. Akafungua tena.

Wiki sita zilipotimia walikuja wote. Mama alikaa kwenye kiti, kaka akasimama karibu na mlango, mashemeji watatu wakajipanga ukutani na mashati yao ya pasi. Nilifungua plasta. Mkono ulitoka mwembamba, ngozi imekauka, kovu limepinda kama mkia wa mjusi.

"Kunja vidole," nikamwambia.

Kidole gumba kilikuja, kikafuata cha shahada, na cha kati. Cha pete kilichelewa, kikatetemeka, kikaja. Kidole kidogo kilibaki kimenyooka.

"Tena," nikasema. Akakunja tena, ikawa vilevile.

Shemeji mkubwa akainama kukitazama. "Na hicho?"

"Hicho sina hakika. Neva inaota taratibu. Huenda kikaamka baada ya miezi, huenda kisiamke."

"Vinne vinatosha mkasi wa kupogolea?" Aliyeuliza ni kaka, kutoka mlangoni. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

"Vinatosha," nikasema.

Mashemeji wakazungumza Kigogo kwa sauti ya chini. Nilielewa maneno machache, na moja lilikuwa vinne. Niliona kaka ameweka mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo, nadhani bila kujijua. Nikaogopa kwelikweli. Nilikuwa nimeshona kila nilichoweza kushona, na sasa watu watatu walikuwa wanahesabu.

Mdogo hakuwasubiri. Alishuka kitandani, akavuka chumba, akamzaba kaka yake kofi kwa mkono uleule. Lilikuwa kofi zuri, la kiganja kizima, muuguzi alifungua mlango kuona kulikoni. Kaka hakuinua mkono. Alisimama pale shavu linawaka, na machozi yaliyomtoka safari hii hayakuwa ya minyaa.

"Unafanya kazi. Yamekwisha," akasema shemeji mkubwa. Akanishukuru, akamsaidia mama kusimama, wakatoka wote watatu, na kaka katikati yao.

Mimi ni mwanachama hai wa chama kinachopinga matumizi ya nguvu ya kila namna. Nilikaa nikaandika kwenye faili kwamba nguvu ya kiganja inaridhisha.

Mdogo alikuwa bado amesimama mbele ya meza yangu. Akanyoosha ule mkono, nikaupokea. Vidole vinne vikanibana, dhaifu lakini vikanibana. Cha tano kikabaki kimenyooka pembeni, kinagusa kifundo cha mkono wangu.

"Hivi vinne umenirudishia, daktari, nashukuru," akasema. "Hiki kimoja nimekuachia wewe."

Hakuwa na hasira. Nilikishika kile kidole, nikakibana kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, na yeye akaendelea kuniangalia usoni, anasubiri nimruhusu aende. Kilikuwa na joto, kilikuwa na damu, na hakikujua kwamba nimekishika.